Sauti ya Nyumba Namba 14

Saa nne na dakika arobaini asubuhi, Jumanne tarehe 14 Oktoba 1975, kitambaa chekundu kilichofungwa juu ya nguzo ya foyer, katika Kambi ya Tatu ya Likasi, kiligeuka na kuelekea nyumba za wafanyakazi. Dakika moja baadaye moshi mweupe ulivuka ukuta wa kiwanda cha asidi. Haukupanda. Ulishuka, ukagusa ardhi, ukaanza kutambaa kati ya safu ya kwanza ya nyumba na ya pili.

Bibiane aliuona kupitia dirisha. Alikuwa mwalimu wa foyer, nyumba ambamo kampuni iliwafundisha wake za wafanyakazi kushona, kupika na kulea watoto, na asubuhi hiyo alikuwa na wanawake saba waliokuwa wakikata vitambaa vya mashuka. Aliangalia saa ya ukutani, akaandika wakati kwenye jalada la daftari, kisha akawaambia waache mikasi. Hakuna aliyeuliza sababu. Walilowesha vitenge vyao katika pipa lililokuwa nyuma ya mlango, wakafunga pua na midomo, wakatoka kila mmoja kwenda kuchukua watoto wake. Saa nne na dakika arobaini na tatu king'ora cha kiwanda kililia milio mitatu mirefu.

Walikuwa wamejifunza mambo hayo kwa miaka miwili. Mwaka 1973 gesi ilitoka kiwandani kwa robo saa, watoto wawili wakalazwa, na barua ikaja kutoka ofisi ya usalama ikitaka familia za kambi zifundishwe namna ya kujikinga. Kazi ilizungushwa kutoka meza hadi meza mpaka ikamfikia Bibiane, ambaye hakuwa na mtu wa kumsukumia. Alipewa kijitabu cha Kifaransa chenye kurasa kumi. Alikisoma mara tatu. Gesi ya kiberiti ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hufuata mabonde na mitaro. Kitambaa kilicholowa hupunguza makali yake. Mtu aende juu, na asiende kule upepo unakoelekea. Alitafuta mahali pa juu, akachagua kilima chenye tangi la maji, akapima umbali kwa hatua zake: mita mia sita na arobaini kutoka nyumba ya mwisho.

Aliomba maski ishirini za gesi kwa ajili ya kikosi cha uokoaji. Zilikuja nne, na kila moja chujio lake lilifanya kazi kwa dakika ishirini tu.

Ndiyo maana alitengeneza orodha. Kambi ilikuwa na nyumba sitini na moja, na mchana, wanaume wakiwa kazini na watoto wakubwa wakiwa shuleni, walibaki watu wazima themanini na watatu. Aliwaandika wote kwa mpangilio wa nyumba. Wakishafika tangini angesoma majina, na kila mama angejibu pia kwa ajili ya watoto wake wadogo. Jina lisilojibiwa lilikuwa la mtu aliyebaki chini. Wanaume wanne wenye maski wangekwenda nyumba hiyo moja kwa moja, bila kugonga nyingine sitini. Kusoma orodha kulichukua dakika nne. Kutoka tangini hadi katikati ya kambi, kwa mwendo wa mtu aliyevaa maski, kulichukua dakika sita.

Kwa wasioweza kutembea alikuwa na agizo lao. Wafunge dirisha, wazibe mwanya wa mlango kwa nguo mbichi, wakae juu ya kitanda na si sakafuni, kitambaa kilicholowa mdomoni, na wangoje. Wasijaribu kutoka. Watu wa maski watawafuata.

Kambini walikuwa watatu wa namna hiyo. Mmoja wao alikuwa Albertine, mjane wa nyumba namba 14, ambaye miguu yake ilivimba mpaka magotini. Aliishi na mwanawe Alexis, fundi wa mabomba kiwandani. Kwenye karatasi aliitwa Kalenga Numbi, kwa sababu majina ya ubatizo yalikuwa yamefutwa na serikali tangu 1972, lakini hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa orodha.

Katika zoezi la mwezi wa Juni, jina hilo liliposomwa tangini, pakawa kimya. Benoît, mkuu wa kikosi cha maski, aliteremka na wenzake, wakamkuta Albertine juu ya kitanda akiwa amefanya kila alichoambiwa, wakampandisha kilimani juu ya kiti. Watu walipiga makofi. Albertine aliwaambia vijana wamshushe polepole, maana hata siku ya ndoa yake alitembea kwa miguu. Bibiane aliandika kwenye daftari: dakika kumi na saba tangu jina lisomwe hadi mtu kufika tangini. Mpango ulikuwa unafanya kazi.

Kabla ya hapo, mwezi wa Novemba 1974, mtu mwingine alikuwa ameipenda orodha hiyo. Aliitwa Octave, mwenyekiti wa kamati ya chama kambini. Mbele yake watu walisema Citoyen Mwenyekiti, yaani Raia Mwenyekiti. Nyuma yake walisema Octave, jina la ubatizo ambalo yeye mwenyewe aliwakataza wengine kulitumia. Alisimamia salongo, kazi ya lazima ya kila Jumamosi: kufagia barabara, kufyeka majani, kuzibua mitaro. Shida yake ilikuwa kwamba hakujua nani amekuja na nani hakuja. Alifungua kabati la foyer, akaipata karatasi ya Bibiane, akaisoma kwa kidole kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Alisema ni dhambi kazi nzuri namna hii kulala kabatini. Aliagiza isomwe kila Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa foyer, na asome Bibiane, kwa sababu watu wameshazoea sauti yake. Aliyepo atiwe kijistari. Asiyekuwepo atiwe duara, na duara lilikuwa siku moja katika mahabusu ya mtaa.

Bibiane alieleza kwamba orodha ile ilitengenezwa kwa ajili ya hatari. Octave alijibu kwamba uvivu nao ni hatari.

Jumamosi ya kwanza Albertine alikuja akiegemea bega la Alexis, akasimama kwa saa moja na nusu, akaanguka. Kanuni iliwasamehe waliofikisha miaka sitini. Cheti chake cha ubatizo kilionyesha alizaliwa 1912, lakini vyeti vya kanisa havikukubaliwa tena, na kitambulisho, ambacho karani fulani aliwahi kukijaza kwa kumwangalia usoni, kilisema 1921. Kwa hesabu ya Octave alikuwa na miaka hamsini na mitatu.

Jumamosi ya pili hakuja. Bibiane alisoma jina lake. Kutoka katikati ya kundi sauti ilijibu, "Iko," yaani yupo.

Ilikuwa sauti ya Mwanvua wa nyumba namba 15. Mume wake Abedi aliendesha lori la kampuni kati ya Likasi na Kakanda. Walikuwa Waislamu, wazazi wao walitoka Maniema, na tangu wahamie kambini Albertine ndiye aliyewashikia watoto Mwanvua alipokwenda sokoni. Bibiane aliinua kichwa. Mwanvua alikuwa anaangalia jembe lake. Bibiane akatia kijistari.

Kufikia Krismasi wanawake wasiopungua ishirini walikuwa wanajibiana. Mwenye mgonjwa alijibiwa, mwenye mimba kubwa alijibiwa, aliyekwenda Kambove kumzika ndugu alijibiwa. Gertrude wa nyumba namba 30 aliwajibia watu watatu kwa sauti tatu, moja nyembamba, moja nzito na moja ya kukohoa, na watu walizibana mbavu ili wasicheke. Siku moja Octave alisema hajapata kuona wanawake wanaopenda salongo kama wa Kambi ya Tatu. Gertrude alimjibu kwa heshima zote kwamba wanapata mfano kutoka juu.

Hakuna aliyepewa duara tangu Januari hadi Oktoba. Bibiane alitia kijistari kila aliposikia sauti, na kila Jumamosi alitia sahihi chini ya ukurasa. Kwake hilo lilikuwa jambo dogo na la haki. Aliwaambia wanawake, mara moja Machi na mara moja Juni, kwamba uwanjani ni uwanjani, lakini kule tangini kila mtu ajibu kwa kinywa chake tu. Walimwelewa, na Juni walifanya hivyo.

Zoezi la Septemba halikufanyika. Octave alihitaji Jumamosi hiyo kwa mazoezi ya ngoma, maana mgeni kutoka Lubumbashi alitarajiwa. Mgeni hakuja. Kutoka zoezi la Juni hadi tarehe 14 Oktoba, orodha ilisomwa Jumamosi kumi na saba, zote uwanjani. Mara zote kumi na saba sauti ya Mwanvua ilijibu jina la nyumba namba 14.

Siku ile ya Jumanne Mwanvua hakupita nyumbani. Alikuwa kwenye bomba la maji upande wa juu wa kambi, na watoto wake watatu, mmoja mgongoni. Aliposikia king'ora alifanya alivyofundishwa: alilowesha kitenge, akawafunga watoto, akapanda kilimani moja kwa moja. Alifika tangini saa tano kasoro dakika nane. Mtoto wa mgongoni alikuwa ameanza kutapika.

Kufikia saa tano na dakika mbili hakuna mtu mwingine aliyekuwa akipanda. Moshi ulikuwa umefunika safu tatu za chini na mapaa hayakuonekana. Bibiane alisimama kwenye ngazi ya tangi, kitambaa kilicholowa mdomoni, macho yakimtoka machozi mfululizo kama ya watu wote, akaanza kusoma. Ilikuwa karatasi ile ile, sauti ile ile, mpangilio ule ule. Watu walijibu haraka, bila kuinua vichwa, wengi wakiwafuta watoto nyuso.

Alisoma, "Kalenga Numbi."

"Iko."

Alitia kijistari. Jina lililofuata lilikuwa la Mwanvua, na sauti ile ile ilijibu, "Iko, na watoto watatu." Alitia kijistari. Wasioweza kutembea walikuwa watatu kwa hesabu yake mwenyewe. Wawili walikuwa wamebebwa na jamaa zao na walikaa mbele yake chini ya ngazi. Hakumtafuta wa tatu kwa macho. Orodha ilikuwa imekwisha kumpata.

Saa tano na dakika sita alimaliza. Benoît alisimama chini ya ngazi, maski ikining'inia shingoni, akauliza ni nyumba zipi. Bibiane alimwambia hakuna, majina themanini na matatu yamejibiwa yote. Benoît alimwuliza tena kama ni yote, kwa sababu kiwandani walikuwa wanaomba maski. Bibiane alimwonyesha karatasi. Benoît aliangalia vijistari, akaita wenzake watatu, wakazunguka kambi kwa barabara ya reli kwenda kiwandani. Huko waliwatoa wafanyakazi wawili waliokuwa wameanguka karibu na mnara, nao wote wawili walipona.

Saa tano na dakika thelathini na moja mtoto wa Mwanvua aliacha kutapika na kulala. Mwanvua akatafuta mtu wa kumshika. Aliangalia waliokaa chini ya tangi, safu hadi safu, kisha akazunguka tangi lote. Alirudi upande wa ngazi. Alimshika Bibiane mkono.

"Mama Albertine haiko huku," alisema. "Minye njo nilijibu."

Bibiane alimwuliza kwa nini alijibu jina lisilo lake.

"Kinywa tu kilijibu," Mwanvua alisema. "Sawa vile ya Jumamosi."

Bibiane alimtuma kijana mwenye baiskeli kwenda kiwandani kumwita Benoît, akalowesha kitenge upya, akateremka mwenyewe. Alifika safu ya tatu. Hapo aliacha kuona, akapiga magoti, na Abedi, aliyekuwa amelisimamisha lori lake barabarani na kukimbilia tangini kuwatafuta watoto wake, alimfuata na kumburuta hadi juu. Bibiane alikuwa na majeraha ya asidi kwenye koo ambayo daktari aliyaandika baadaye kuwa mepesi.

Benoît na mwenzake mmoja walifika nyumba namba 14 saa sita kasoro dakika mbili, wakiwa na machujio mapya. Mlango haukufunguka kwa kusukumwa. Shuka iliyolowa ilikuwa imekunjwa na kushindiliwa chini yake kutoka ndani, kwa urefu wote wa kizingiti. Dirisha lilikuwa limefungwa na mwanya wake kuzibwa kwa vipande vya kitambaa. Albertine alikuwa juu ya kitanda, ameegemea ukuta, kitambaa mdomoni, beseni la maji pajani. Maji yalikuwa yamebaki nusu. Daktari aliandika kwamba kifo kilitokea kati ya saa tano na robo na saa tano na dakika arobaini na tano.

Alizikwa Alhamisi. Mwanvua alikuja na Abedi, wakasimama nyuma ya Wakristo mpaka sala ilipokwisha. Alexis, mtoto wa marehemu, hakuwasogelea na hakuwafukuza. Baada ya mazishi alimfuata Bibiane foyer. Hakukaa.

"Mama alifanya sawa vile ulimufundisha?" aliuliza.

"Yote," Bibiane alisema. "Mpaka ya mwisho."

"Basi, juu ya nini hawakumufuata?"

Bibiane alimweleza. Alieleza kwa mpangilio, bila kuruka: salongo, miguu, sauti, vijistari, Jumamosi kumi na saba, ngazi ya tangi. Hakutaja kwamba macho yake yalikuwa yanatoka machozi siku ile. Alexis alisikiliza akiangalia nguzo yenye kitambaa chekundu, ambacho wakati huo kilikuwa kimelala.

"Ulijua ile sauti haikuwa ya mama," alisema.

"Nilijua."

"Siku zote."

"Siku zote. Na siku ile."

Alexis alisema asante, kama mtu aliyeelekezwa njia, akaondoka.

Ijumaa Bibiane aliitwa ofisini. Alikuwepo Octave, na alikuwepo mhandisi wa usalama aliyetoka makao ya kampuni, mtu mpole aliyevua viatu chini ya meza. Ripoti ilikuwa imeshapigwa chapa. Ilisema kambi iliondolewa watu kwa dakika kumi na tisa, kwamba majina themanini na matatu yalisomwa na themanini na matatu yakajibiwa, na kwamba kikosi, baada ya kuthibitisha hivyo, kiliokoa wafanyakazi wawili. Kuhusu marehemu ilisema kwamba aliitikia jina lake tangini, kisha akarudi nyumbani kwa hiari yake, kinyume cha maagizo, kwa sababu zisizojulikana.

Bibiane alisema kwamba mama huyo hakuweza kutembea mita mia, seuze mita mia sita na arobaini kwenda na nyingine kurudi. Mhandisi alisema kwamba watu katika hofu hufanya mambo ya ajabu. Bibiane alisema kwamba shuka ilishindiliwa kwa ndani jinsi ilivyofundishwa, na kwamba mtu anayevunja maagizo hayafuati kwa usafi namna hiyo. Mhandisi alivaa kiatu kimoja.

Octave ndiye aliyeeleza hali ilivyo, bila hasira. Aliweka mezani daftari la salongo. Kama mama huyo hakufika tangini, alisema, basi kuna mtu aliyemjibia, na jina la mtu huyo liandikwe. Kama kuna aliyejibia tangini, kuna waliojibia uwanjani. Daftari lilikuwa na kurasa za miezi kumi na moja, bila duara hata moja tangu Januari, na chini ya kila ukurasa kulikuwa na sahihi.

"Sahihi ni ya nani, Citoyenne?" aliuliza.

Bibiane alisema ni yake.

"Sasa weye chagua. Ama karatasi hizi zote ni za kweli, ama zote ni za uongo. Nusu-nusu haiko."

Alipewa hadi Jumatatu kutia sahihi kama shahidi.

Jumapili alikwenda nyumba namba 15. Mwanvua alimwambia aandike jina lake, Mwanvua binti Lukumani, na namba ya nyumba. Abedi alimwomba asiandike. Alisema kwamba wao kambini ni watu wa kuja, kwamba dereva anayeondolewa kazini siku hiyo hiyo anaondolewa na nyumbani, na kwamba watoto ni watatu. Alisema pia jambo jingine, na alilisema akimtazama Bibiane machoni kwa mara ya kwanza: mke wake alijibu kwa sababu kulikuwa na mtu wa kupokea jibu.

Bibiane hakubishana. Ilikuwa kweli.

Jumatatu tarehe 20 hakutia sahihi. Alitoa karatasi moja aliyoiandika kwa mkono. Ilisema: "Mkaaji wa nyumba namba 14 hakufika tangini. Alibaki ndani, akafuata maagizo yote niliyotoa. Jina lake lilijibiwa na mtu mwingine. Niliitambua sauti. Nilitia alama, na kikosi kikaondoka kwa neno langu. Sauti za namna hiyo nilizipokea kila Jumamosi tangu Novemba 1974." Hakumtaja Mwanvua. Aliomba karatasi iambatanishwe na ripoti, na aliomba mambo mawili zaidi: orodha ya hatari isitumike tena kwa salongo, na jina la Kalenga Numbi lifutwe.

Mhandisi aliisoma, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Ripoti ilipelekwa Lubumbashi siku hiyo hiyo kwa gari la barua. Nakala yake iliyobaki ofisini ina kurasa tatu na haina kiambatanisho. Jumatano Bibiane aliambiwa arudishe ufunguo wa foyer. Alhamisi ilifika barua ya pongezi kwa kamati ya kambi kwa nidhamu iliyoonyeshwa siku ya ajali; Octave aliibandika kwenye mlango wa foyer, mahali palipokuwa na ratiba ya ushonaji. Maski zote nne zilipelekwa kiwandani kukaguliwa. Hazikurudi.

Jumamosi tarehe 25 Oktoba, saa moja na nusu asubuhi, watu wa Kambi ya Tatu walikusanyika uwanjani na majembe na mafagio. Octave alisoma mwenyewe. Alikuwa na miwani mipya na aliinamia karatasi. Bibiane, wa nyumba namba 3, alijibu jina lake. Gertrude alijibu kwa sauti moja. Alexis alikuwa ameingia zamu ya usiku na hakuwa amelala. Alisimama karibu na nguzo, ufagio begani. Mwanvua alikuwa hatua nne nyuma yake.

Octave alisoma, "Kalenga Numbi."

Mwanvua hakujibu. Hakuna aliyejibu. Octave alilisoma jina mara ya pili, kwa sauti ya juu zaidi, kalamu ikiwa tayari.

"Alikufa," Alexis alisema.

Octave hakuinua kichwa. Alitia kijistari, alama ya aliyepo, akasoma jina la nyumba namba 15.